Nani Anaunga? Juu ya Kitenzi cha Kiingereza na Tafsiri Yake

Imezuka desturi miongoni mwa wafasiri wetu, na sasa imekwisha kuingia madarasani, ya kukichukua kitenzi cha Kiingereza «reconnect» na kukibandikia maneno mawili, «kuunganisha upya», pasipo kuuliza ni nani anayesema, anamwambia nani, na ni kitu gani kilichokatika. Umeme uliokatika huunganishwa upya. Simu huunganishwa upya. Mke na mume walioachana huunganishwa upya, na mtoto aliyepotezana na mama yake vitani naye huunganishwa upya. Siku hizi hata mtu aliye peke yake, amekaa kimya chini ya mwembe wake, huambiwa ajiunganishe upya na nafsi yake. Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba tafsiri hii ni mbovu. Maneno yake ni Kiswahili halali, hilo hatulikatai. Ubovu wake ni kwamba inamnyang'anya msemaji wa Kiswahili kitu ambacho lugha yake imempa na ambacho Kiingereza hakikumpa Mwingereza.

Tungeweza kulijadili jambo hili kwa mifano ya vitabuni. Tumechagua Pundanhar. Mahali hapa, ambapo jina lake huandikwa kwa tahajia ya Kireno (nh ya Mreno ni ny yetu), ni makao ya tarafa katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, katika njia iendayo Nangade, kusini ya mto Ruvuma. Wenyeji husema Kimakonde na Kimakwe. Ukishuka pwani utasikia na Kimwani. Shule na ofisi ni za Kireno. Na Kiswahili ni lugha ya soko, ya safari, na ya jamaa walio ng'ambo ya mto. Sisi tunaofundisha Kiswahili karibu na mto huo hatujui mahali panapofaa zaidi kukipima kitenzi cha kuunga, kwa maana hapa kila kizazi kimekatwa na kitu.

Kwanza ni mpaka. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana huko Ulaya kwamba Ruvuma iwe mpaka wao, na watu wa kando zote mbili za mto wakageuzwa kuwa raia wa wafalme wawili bila ya kuhama hata hatua moja. Nchi ya Kionga, kusini ya mdomo wa mto, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikatwaliwa na Wareno mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaithibitisha kuwa ya Ureno. Kisha ikaja vita ya ukombozi iliyoanza tarehe 25 Septemba 1964, ambapo maelfu ya watu wa Cabo Delgado walivuka kwenda Tanzania. Na baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi, wengine wakabaki, na udugu ukawa na miguu miwili, mmoja huku na mmoja kule. Mwishowe ni vita ya siku zetu. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, mji wa Palma tarehe 24 Machi 2021, na katika mwaka huo Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya laki saba waliohama makwao katika mapigano hayo. Watu wa Pundanhar nao walikimbia: wengine Nangade, wengine Mueda, wengine wakauelekea mto.

Katika hali hiyo ndipo karatasi hufika. Aliyeokoka huketishwa kwenye mkeka au kwenye kiti cha plastiki, akaulizwa swali la namna hii: «Je, umeunganishwa upya na familia yako?»

Na tukitazame kitenzi hicho kwa makini, kama tunavyowataka wanafunzi wetu wafanye. Shina ni -unga. Ukisema «nimeiunga kamba», mtendaji ni wewe na kamba imetendwa. Ukiongeza -ana ukapata «ungana», pande mbili zimetenda kwa pamoja, kila mmoja ameufuata mwenzake. Ukiongeza -isha ukapata «unganisha», ameingia mtu wa tatu aliyewafanya wale wawili waungane. Ukiongeza -w- ukapata «unganishwa», wale wawili sasa ni vitu vilivyotendwa, na yule wa tatu amejificha nyuma ya kitenzi, hata jina lake halitajwi. Hivi ndivyo lugha yetu ilivyo: haikuruhusu kusema habari ya kuunga mpaka umeamua nani alifanya. Kiingereza hukuruhusu. Mwingereza husema «reconnect» na hapo hapo huweza kumaanisha kwamba fundi amezirudisha nyaya, au kwamba ndugu wawili wamepatana, au kwamba rafiki amempigia simu rafiki. Umbo la kitenzi ni lile lile, asibadilishe hata herufi. Hilo si kosa la Kiingereza. Kila lugha hubeba mzigo wake mahali pake. Kosa ni letu sisi tunaouacha mzigo wetu njiani ili tufanane na yeye.

Mama aliyetembea toka kijiji hata kijiji akiuliza habari za wanawe, akalala msituni, akawapata wawili Mueda na wa tatu bado, hakuunganishwa. Alitafuta, akapata, na anaendelea kutafuta. Ukimwandikia kwamba «ameunganishwa upya», umemwibia safari yake yote ukampa mtu asiyekuwapo.

Hapa hatutaki kuwaonea watu. Lipo shirika la Msalaba Mwekundu ambalo lina kazi maalumu, inayofanywa katika nchi nyingi za vita, ya kuwatafuta waliopotezana na kupeleka habari baina ya jamaa. Pale ambapo mfanyakazi wake amemchukua mtoto kwa mkono na kumfikisha kwa bibi yake, kitenzi «kuwaunganisha» kinamstahili kabisa, maana mtu wa tatu yupo na amefanya kazi. Tunachokataa ni kukitumia kitenzi hicho hata mahali ambapo wenyewe ndio waliofanya.

Tofauti ya kutenda na kutendwa si mchezo wa darasani. Tarehe 12 Mei 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, kati ya Mtambaswala upande wa Tanzania na Negomano upande wa Msumbiji. Jina lake lilichaguliwa vema. Lakini mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka Ruvuma kukimbia mapigano walirejeshwa kwa nguvu, na kwamba waliingizwa Msumbiji kwa njia ya Negomano. Mwandishi akisema «walirudi», ametupa habari moja. Akisema «walirudishwa», ametupa habari nyingine, na baina ya habari hizo mbili pana herufi chache tu. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba minyambuliko ya vitenzi ni mambo ya mtihani, basi na aifikirie herufi hiyo moja ya -w-.

Sasa tuiendee asili ya kitenzi chenyewe, kwa sababu wako wenzetu ambao, tukiwaambia haya, hukimbilia Kilatini. Asili haina siri. Waingereza walikipata kitenzi chao cha kuunga katika karne ya 15 kutoka Kilatini, ambako con- ni «pamoja» na nectere ni «kufunga, kukaza kwa fundo». Kiambishi re- nacho ni cha Kilatini, na maana yake ni «tena» na pia «nyuma». Kwa hiyo ukilifumua neno zima utapata picha ya mtu anayerudi kwenye kamba iliyofunguka na kuikaza tena fundo lake. Picha nzuri. Wenzetu hudai kwamba, kwa kuwa asili ndiyo hiyo, tafsiri ya «kuunganisha upya» ni sahihi sehemu kwa sehemu: re- ni «upya», na kilichobaki ni «kuunganisha».

Tunawajibu kwamba asili ya neno ni habari ya neno, wala si amri juu ya maana yake. Mfano mashuhuri ni neno la Kilatini religio, ambalo limezaa neno la dini katika lugha nyingi za Ulaya. Cicero alilitoa katika kitenzi cha kupitia jambo tena na tena kwa uangalifu. Lactantius, Mkristo aliyeandika karne kadhaa baadaye, alilitoa katika religare, yaani kufunga, mwanadamu akiwa amefungwa kwa Mungu wake. Wasomi wamebishana tangu hapo. Waabuduo hawakuungojea ubishi huo uishe ndipo waende kusali.

Na mtoto wa Pundanhar anakijua kitenzi hicho cha Kilatini kuliko wengi wanaokitaja kwa fahari, kwa sababu amekutana nacho katika Kireno. Kwa Kireno ligar ni kufunga, na ni kuwasha taa, na ni kumpigia mtu simu. Mwanafunzi mmoja alituandikia katika insha kwamba baba yake «aliunga redio» jioni ili asikilize habari. Tulicheka darasa zima, na yeye akacheka pamoja nasi. Lakini hebu tuangalie: Mreno huifunga redio ili iseme, na sisi huifungulia. Kitenzi chetu ni kinyume kamili cha kitenzi chake, na redio ni ile ile, na sauti ni ile ile. Nani atasema kwamba mmoja wetu amekosea? Basi kama twakubali kufungulia redio bila ya kuomba ruhusa Roma, kwa nini tuombe ruhusa huko katika habari za ndugu zetu?

Wengine hutuambia kwamba Kiswahili hakina neno. Hoja hii hutuchosha kuliko zote. Kweli, Kiswahili hakina kiambishi cha mwanzo cha kufanya jambo mara ya pili. Tuna «tena», tuna «upya», basi. Lakini pale ambapo Kiingereza kimeweka kiambishi kimoja, sisi tumeweka vitenzi, na kila kimoja kinajua kazi yake. Mke na mume walioachana «hurudiana»; na ikiwa ni mume aliyetamka talaka ya rejea na eda haijaisha, sheria ya Kiislamu inasema «amemrejea» mkewe, mtendaji mmoja, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili kadhi anaijua vizuri. Waliogombana «hupatana» au «husuluhishwa», na hapo tena lugha inauliza kama msuluhishi alikuwapo. Waliotengana kwa masafa «hujuliana hali», «hutembeleana», «huonana». Mfupa uliovunjika «huunga» wenyewe baada ya kufungwa vibanzi; hatusemi umeunganishwa, kwa sababu mganga ameufunga tu, na kuunga kumefanywa na mwili. Mchuzi huungwa kwa tui. Saumu huungwa siku kwa siku. Na yule wa chini ya mwembe tuliyemtaja, anayetakiwa ajiunganishe na nafsi yake, wazee wetu walikwisha kumpatia kitenzi zamani: «amejirudi». Humo mna majuto, mna kuacha jambo baya, mna kugeuka. «Kujiunganisha upya na nafsi» hamna hata kimoja cha hivyo. Ni maneno ya kupendeza tu.

Tusisahau kwamba lugha yetu ina neno pia kwa kuunga kubaya. «Kuungaunga» ni kushikiza jambo lisidondoke leo, na kesho tutaona. Tena ipo methali, kata pua uunge wajihi, ambayo inaonyesha kwamba wazee hawakukiona kitenzi hiki kuwa cha baraka kila mara. Wakati mwingine huungi kitu ila kwa kukata kingine. Aliyerudi kijijini na kumkuta jirani aliyemtia shaka wakati wa vita anakijua kisu hicho. Mfasiri mwenye «kuunganisha upya» moja tu mkononi hawezi kuyasema haya.

Kuhusu kinyume cha kitenzi chetu, liko jambo dogo la kuwaonyesha wanafunzi. Vitenzi vyetu vingi hupata kinyume chake kwa kugeuza mwisho: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, chomeka na chomoa. Kuunga hakuna kinyume cha namna hiyo. «Ungua» ni habari ya moto. Kinyume cha kuunga ni kukata, kitenzi kingine kabisa, chenye mtendaji wake. Kwa hiyo Mswahili akisikia kwamba udugu umeungwa, swali lililo karibu naye ni: nani aliukata?

Na hapa tunafika penye utajiri mkubwa zaidi. Watu wa pwani hii, toka Kisiwa cha Ibo hata Lamu, husema «kuunga udugu» na «kuunga kizazi», na kinyume chake «kukata udugu». Mafundisho ya Kiislamu ndiyo yaliyoitia nguvu kauli hiyo: kwa Kiarabu wajibu huo huitwa sila ya rahimu, yaani kuunga tumbo la uzazi, na umetoka katika shina la wasala, kuunga na kufika. Kutoka shina hilo hilo tumepata «wasili», «wasiliana» na «mawasiliano». Wanaoliona neno «mawasiliano» kuwa la simu na minara hawajui kwamba tangu asili lina jamaa humo ndani. Anayemtembelea shangazi yake kwa mguu, akamchukulia mchele kidogo, amefanya mawasiliano kwa maana yake ya kwanza. Na angalieni: kuunga udugu ni kitenzi cha kutenda. Hakuna anayeungiwa udugu na shirika. Ni wajibu wa kila mmoja, na asiyeutimiza hulaumiwa kwa jina lake.

Wala jambo hili halikuanza jana. Katika Arquivo Histórico de Moçambique, mjini Maputo, zimehifadhiwa barua za karne ya 19 kutoka Cabo Delgado zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, baadhi yake zikiwa kati ya masheha wa pwani na watawala wa Kireno. Nchi hiyo ilikuwa na watu walioweza kuandika habari zao, za amani na za ugomvi, kwa lugha hii hii, kabla ya mwalimu yeyote wa leo kuzaliwa. Kuwaambia wajukuu wao kwamba lugha hiyo haina neno la kupatanisha waliotengana ni ujinga, na tena ni ufidhuli.

Kuna hoja moja tunayoiheshimu. Wenzetu walio katika kazi ya istilahi husema kwamba lugha ya kisasa inahitaji neno moja kwa jambo moja, na kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967 liliwekwa kwa ajili ya usanifu wa namna hiyo. Ni kweli. Katika umeme, katika simu, katika kompyuta, «kuunganisha tena» ni istilahi nzuri na tutaendelea kuifundisha. Waya haujali nani aliukata. Lakini istilahi ni mkataba wa mafundi, na mtu si waya. Walioiasisi Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964 walikuwa na neno «muunganisho» karibu nao, lakini walichukua «muungano», lenye -ana ndani yake, neno la pande mbili zinazofuatana. Kama siasa yote ya miaka iliyofuata imeutimiza mnyambuliko huo au haikuutimiza, hayo tunawaachia wengine. Neno lenyewe lilichaguliwa na watu waliojua Kiswahili.

Tunapendekeza nini, basi? Darasani, tuwakataze wanafunzi kufasiri kitenzi hicho cha Kiingereza kabla ya kujibu maswali matatu kwa daftari: ni nini kilichokatika, nani alikikata, na nani anakiunga. Mwanafunzi akikosa jibu la swali la pili, na aseme kuwa matini haikueleza, maana hata hilo ni jambo la kulijua. Tumelijaribu zoezi hili kwa sentensi kumi, na katika kumi hizo «kuunganisha tena» ilibaki katika mbili: moja ya umeme, na moja ya mtoto aliyefikishwa kwa bibi yake. Nane nyingine zilipata vitenzi vinane mbalimbali, na ubishi ulikuwa mkubwa hata kengele ikatushinda.

Nje ya darasa, tunawaomba wale wanaotunga karatasi za maswali kwa ajili ya watu wa Pundanhar, Palma na Nangade wazilete kwanza kwa mwalimu wa Kiswahili yeyote aliye karibu; hatutatoza ada. Swali la kuulizwa mama yule kama «ameunganishwa upya na familia yake» lina jibu la ndiyo au hapana, na jibu lolote katika hayo mawili litakuwa la uongo kwake. Badala yake na aulizwe hivi: Jamaa zako ni nani na nani? Umekwisha kuonana na yupi? Ni nani ambaye bado unamtafuta, na mara ya mwisho mlionana wapi?